Mwaka wa Fuko na Kipepeo

Niliyoyaona nitayasema, na ambayo sikuyaona nitawaachia wenyewe waliokaa kule siku nyingi. Habari ya njia haina maana. Nilikwenda nikafika, miguu ikavimba, ikapoa.

Nchi yenyewe inaitwa Usawazo. Niliyemfuata ni mwanangu Siwatu, aliyeolewa huko na mtu anayeitwa Kombo, fundi wa kushona magodoro. Huyu mkwe wangu ni mpole, ila ana wasiwasi usiomtoka machoni, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni na hakumbuki kama moto ameuzima. Nilidhani ni yake peke yake. Kumbe watu wa Usawazo wote wana macho hayo.

Kwanza nitaanza na salamu yao. Hawaulizani hali. Wanaulizana, "Umemzidi nani?" nawe unajibu kwamba umemzidi jirani na umezidiwa na shemeji, au vyovyote ilivyo siku hiyo. Mwanamke mmoja niliyemkuta kisimani aliniuliza hivyo, nikamwambia, "Mimi nimeamka salama tu, mwanangu." Akatua ndoo chini, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Huna hata mtu mmoja, bibi?"

Jioni ya kwanza Siwatu aliniletea bakuli mbili, moja ya kisamvu cha nazi, moja ya mchicha wa karanga. Vyote vilikuwa vitamu, karanga zimesagwa zikalainika, na kile kisamvu kimekaa jikoni mpaka kimetulia. Nikala hapa, nikala pale, nikasifu. Kombo akaacha kutafuna.

"Mama, taja kimoja," akasema taratibu.

"Kwa nini nitaje kimoja na njaa yangu ni ya vyote?"

"Kisichotajwa ni cha kuku. Usipotaja, vyote ni vya kuku. Mjumbe yuko dirishani."

Nikageuka, nikamwona kweli mjumbe wa mtaa ameegemea dirisha, kofia mkononi, anasubiri bila haraka wala ubaya. Nikasema kisamvu. Akavaa kofia akaenda zake nyumba ya pili. Siwatu akachukua mchicha ule akaumwaga uani, nami nikamwona akipitisha kidole kwenye bakuli na kukiramba kabla hajarudi ndani.

Ndiyo sheria yao. Kitu hakisemwi ni kizuri wala kibaya kikiwa peke yake. Lazima kiwekwe na kingine, kimoja kizidi, kingine kizidiwe, na kilichozidiwa kiondolewe. Hawalifanyi hili kwa ukatili. Ukimwambia mtu wa Usawazo kwamba chumvi na mwavuli havina sababu ya kushindanishwa, atakuuliza, sasa utajuaje ushike kipi? Na anauliza kwa sauti ya mtu anayekutakia mema, mpaka unaanza kuhesabu mikono yako mwenyewe.

Siku ya pili nilimwona mgeni wa jirani akiaga, amejitwika mlango wa nyumba kichwani. Mlango mzima, na bawaba zake. Mwenye nyumba amesimama kwenye tundu lililobaki, anampungia mkono huku anatabasamu. Kombo akanieleza kwamba mgeni anapoaga huulizwa anataka nini, na mwenyeji akikataa, basi mgeni amemzidi, na mtu aliyezidiwa na mgeni hawezi tena kusalimiwa mtaani.

"Na wageni wanakuja?" nikamuuliza.

"Si wengi, mama."

Sasa niwaambie habari ya wajukuu zangu. Mkubwa ni Chausiku, mdogo ni Hidaya. Chausiku ni mtoto wa kimya. Ukimpa kunde za kuchambua anazichambua mpaka za mwisho, halafu anapanga maganda yaliyobaki kwa urefu. Alikuwa na bustani nyuma ya choo, matuta madogo kama ya wanasesere, na vidole vyake siku zote vina udongo. Hidaya ni mwingine. Anaimba akioga, anaimba akila, anafunga kitambaa cha mama yake kiunoni na kuzunguka mpaka anaanguka. Walilala mkeka mmoja, miguu ya huyu kifuani kwa yule.

Katika Usawazo, mlango, yaani nyumba, wenye watoto wawili, mdogo anapong'oka jino la kwanza, watoto hao hushindanishwa. Aliyezidi anabaki kwao, anasomeshwa. Aliyezidiwa anapelekwa Nyumba za Pembeni, nyuma ya machimbo ya chokaa, ambako hufundishwa kubeba, kufua na kunyamaza, na mama yake humwona siku ya gulio tu, kamba ikiwa katikati. Mlango wa mtoto mmoja hauna kesi, maana asiye na mwenzake hana kipimo. Wenye watatu sitawaeleza, hata wao wenyewe hawakuwa wameelewana.

Hidaya alikuwa na pengo. Lile jino Siwatu alilificha ndani ya kibweta cha sindano, kana kwamba pengo halionekani. Alikuwa akimwambia, "Funga mdomo, mwanangu, vumbi litaingia," na mtoto asiyeacha kuimba utamfungaje mdomo?

Mnaweza kudhani watoto hupimwa kwa tabia yao. Hapana. Hilo, wanasema, lingeleta upendeleo. Kila mwaka Baraza huchukua viumbe viwili visivyojuana, huvishindanisha mbele ya watu, na hukumu yao ndiyo inayofuatwa kwa watoto wote wa mwaka huo. Nilikuja mwaka wa fuko na kipepeo. Fuko akizidi, watoto walio kama fuko watabaki kwao. Kipepeo akizidi, watabaki walio kama kipepeo.

Basi mji mzima ulikuwa haulali. Sokoni kulikuwa na mtu anauza vitambaa vya rangi, na papo hapo pembeni yake, mke wake anauza majembe ya watoto. Kulikuwa na masomo ya ziada ya ukipepeo asubuhi, na ya ufuko mchana, na watoto walewale wakitoka hapa wanakimbilia kule na udongo kwenye mabawa ya karatasi. Kombo aliwapa binti zake yote mawili. Chausiku akafundishwa kuzunguka, akawa anazunguka ameuma meno, anahesabu kimoyomoyo. Hidaya akapewa jembe, akachimba kidogo, akaliimbia lile shimo.

"Unaona nani atashinda?" Siwatu aliniuliza, tunamenya mihogo. Aliukata muhogo mpaka ukawa vijiti.

"Mimi nawajua wale wanyama wawili tangu utoto," nikamwambia. "Hawajawahi kukutana. Yule kipepeo anataga kwenye majani ya mlimau, fuko anapita chini ya mizizi. Kila mmoja ana shughuli zake."

"Mama, si hilo nililokuuliza."

Kesi ilifunguliwa asubuhi yenye jua kali. Nyumba ya Baraza ni ndefu, nyeupe, ina milango miwili inayotazamana, na katikati kuna kiti kirefu cha Mpimaji Mkuu. Ni mzee msafi, kucha zimekatwa vizuri, na ana namna ya kuinamisha kichwa kumsikiliza kila mtu sawasawa. Kipepeo aliletwa ndani ya chemni ya taa iliyozibwa juu kwa kitambaa. Alikuwa mweusi, mabawa yana madoa ya manjano kama mtu aliyenyunyiziwa rangi ya ukuta. Fuko aliletwa ndani ya chungu. Manyoya laini ya rangi ya majivu, macho madogo kama mbegu za mchicha, na meno marefu yanayokaa nje ya mdomo hata akiufumba, ili achimbe bila kula udongo. Walipomtoa kwenye mwanga akajikunja.

Kuna jambo moja walilifanya ambalo sidhani watu wengine wangelifanya, nalo wanalionea fahari. Wanasema haki ni swali moja kwa wote wawili. Aliyetajwa kwanza ndiye mwenye kipimo cha siku ya kwanza, na mwenzake ana kipimo cha siku ya pili. Siku ile alitajwa kipepeo.

Mteteaji wa kipepeo alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti tamu. Akasema, "Tunaomba haki, Mheshimiwa. Swali moja, bila upendeleo. Nani anaweza kusimama juu ya ua, na ua lisijue?"

Likaletwa ua jekundu la uzio. Kipepeo akafungwa uzi mguuni, akatolewa, akasimama juu yake, ua halikutikisika. Watu wakashusha pumzi. Kisha fuko akawekwa juu ya ua lilelile. Likalala chini yake lote. Akapapasa, akapapasa, akalikuta shina, akaanza kulitafuna. Karani akatangaza, "Ua limeliwa."

Mteteaji wa fuko, mtu mnene mwenye kikohozi, akasimama. "Mheshimiwa, aliyelila ua amelijua kwa undani."

Baraza likanong'ona kwamba hoja ni nzito.

"Hana rangi," akasema yule mwanamke.

"Hana rangi kwa sababu anakokaa hakuna wa kujionyesha kwake."

"Hana mwendo. Kipepeo nyumba yake ni nchi nzima."

"Basi aifagie."

Hapo watu walicheka kidogo, kicheko kifupi cha watu wasio na uhakika kama wanaruhusiwa. Mpimaji Mkuu akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Akasema ni haki fuko naye aruke. Wakamweka kwenye ukingo wa meza. "Asisukumwe," Mpimaji akaagiza. "Ataruka kwa hiari yake."

Tukasubiri. Fuko akafika ukingoni, akatoa kiganja kimoja, kidogo, cha waridi kama cha mtoto mchanga, akapapasa hewa. Akakirudisha. Akatoa tena. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa analia bila sauti, na hata leo sijui alikuwa na mtoto fuko au mtoto kipepeo. Mwishowe mnyama akageuka, akajaribu kuichimba meza.

"Amekataa," karani akatangaza.

Wakamrudisha chunguni. Ubavu wake ulikuwa unapanda na kushuka haraka mno. Nikamsogelea karani, kijana mwenye adabu, nikamuuliza kesho itakuwaje.

"Kesho ni kipimo cha fuko, bibi. Kipepeo atawekwa shimoni, afunikwe udongo urefu wa mkono, achimbe atoke. Naye hatasukumwa."

"Atakufa."

"Atakuwa ameshindwa," akanisahihisha kwa upole.

"Na huyu ameshindwa leo. Wote wawili wakishindwa?"

"Sheria haijui wawili kushindwa. Itasubiriwa mmoja afe. Atakayebaki hai ndiye aliyezidi."

Nikatazama ile chemni na kile chungu. Nilirudi nyumbani kwa mwanangu haraka, maana sasa nilijua wajukuu zangu wanategemea nini. Wanategemea ni kipi kati ya viumbe viwili vilivyochoka kitakata pumzi kwanza.

Jua lilikuwa bado juu ya paa nilipofunga mzigo wangu. Kombo alikuwa uani anashindilia sufi kwenye godoro. Nikaenda nikasimama mbele yake, na nikahakikisha mjumbe wa mtaa yuko karibu. Alikuwapo, dirishani kwa jirani.

"Mwanangu," nikasema, "naaga."

Akashtuka, lakini desturi ni desturi. Akapangusa mikono. "Unataka nini, mama?"

"Mtoto mmoja."

Akakaa juu ya godoro lisilomalizika, sufi ikamruka mapajani. Siwatu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mjumbe akasogea, kofia akaivua.

"Mama, huyo ni mtoto," Kombo akasema.

"Jirani yako alitoa mlango. Wewe utazidiwa na mgeni?"

Nilimwona akifikiri, na wazo likimfikia polepole, kama maji yanavyofikia mwisho wa tuta. Mlango utakaobaki na mtoto mmoja hauna kesi. Akatazama chini haraka, ili mjumbe asimwone usoni.

Mjumbe naye hakuwa mjinga. "Bibi, kesho kuna hukumu," akasema.

"Kesho kwenye mlango huu hawatakuwapo wawili."

"Haijapata kutokea."

"Imekatazwa?"

Akaizungusha kofia kwa vidole. "Haijapata kutokea ili ikatazwe," akasema mwishowe, na nadhani naye alikuwa na watoto, maana aliingia kivulini akatugeuzia mgongo.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Siwatu alishika mkono wangu. "Mchukue Hidaya, mama. Yeye ni mdogo, hatakulemea kama… Au hapana, Chausiku, yeye ni msikivu kuliko…"

"Nyamaza, mwanangu. Usiimalize kauli hiyo. Ukiimaliza, yule utakayebaki naye atakuwa nayo maisha yake yote."

Akanitazama kama hanielewi, kisha akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Na mimi, niseme kweli, nilikuwa naogopa kama yeye. Nimelea, nimezika, nimeozesha, lakini sijawahi kusimama mbele ya watoto wawili nikatakiwa kunyoosha kidole. Kila nilichokifikiria kilikuja na mizani yake. Huyu atanisaidia shamba. Huyu atanichangamsha. Nikaona nimekaa Usawazo siku chache tu, na tayari nimeshajua kazi yao.

Nikawaita. Nikachuchumaa, magoti yakalia. "Bibi anarudi kwao. Ni mbali, na kurudi huku ni kazi. Nani anataka kwenda naye?"

Kombo na Siwatu wakatazamana. Katika fujo yote ile ya vitambaa na majembe, nadhani halikuwapo hata swali moja lililoelekezwa kwa mtoto.

Hidaya, yule wa kuzunguka na kuimba, alirudi nyuma mpaka akagonga miguu ya mama yake, akaing'ata kanga kwa upande wenye pengo.

Chausiku akafikiri. Alifikiri kwa namna yake, mpaka mwisho.

"Huko kwenu, bibi, kuna mlima?"

"Upo."

"Unapandika?"

"Kwa mwenye pumzi."

"Mimi," akasema.

"Chausiku," mama yake akamwambia, "wewe hata sokoni hupendi kwenda."

"Sokoni napajua."

Siwatu alimfunga kanga yake mwenyewe begani, akaifungua, akaifunga tena. Kombo akashona mto mdogo mbele yetu, haraka, mishono mikubwa, akaujaza sufi nzuri kabisa iliyokuwa ya mteja. Hidaya alimpa dada yake kitambaa cha kiunoni, kisha akakitaka tena, akapewa. Hatukukawia. Nilitaka tuvuke mpaka kabla mtu mwenye cheo hajaamua kulikataza jambo ambalo halijapata kutokea.

Kesi ile iliishaje, sina hakika. Muuza chumvi mmoja apitaye kule alinieleza kwamba asubuhi yake kipepeo alifunikwa, hakutoka, na walipokifungua chungu wamtazame fuko, wakamkuta ametulia, amekufa. Ni nani aliyetangulia, ndilo wazee wanalobishana mpaka leo, na milango yenye wawili yote inasubiri. Hidaya yuko kwao. Ameota jino, na mama yake hamzuii tena kufungua mdomo.

Chausiku nilimwandikisha shule iliyo karibu na kwangu. Nilikuwa na furaha, na yeye alikuwa na furaha kwa namna yake. Aliupanda ule mlima, akarudi na mawe, akayapanga. Muhula ukaisha, wazazi tukaitwa siku ya kufunga shule, tukakaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, mvua imetoka kunyesha, mchanga umekandamizwa vizuri. Mwalimu mkuu ni mama mwema, aliwahi kuniletea dawa ya kifua. Akasimama kwenye ngazi na karatasi, akaanza kusoma majina ya darasa, wa kwanza mpaka wa mwisho, kama inavyofanywa shule zetu zote, kama nami nilivyosomwa.

Wa kwanza alipigiwa makofi, akapewa ndoo ya plastiki. Chausiku alisomwa katikati. Nikampungia mkono. Yeye hakunipungia. Alikuwa ametoka kwenye mstari wake, anakuja kwangu taratibu akipita nyuma ya watu, macho yake kwenye karatasi ya mwalimu, na nilipoyaona yale macho nikayatambua, ni macho ya Usawazo. Akanishika mkono kwa vidole vyake vya udongo, akaifuata karatasi mpaka ilipofika chini kabisa. Lilisomwa jina la Sikudhani, binti wa muuza maandazi. Watoto wakacheka. Sikudhani naye akacheka, akakuna kichwa.

"Bibi," Chausiku akaninong'oneza, "huyu wanampeleka wapi?"

"Hapelekwi popote, mjukuu wangu. Anarudi kwao."

"Wamekuambia?"

Nikawatazama wale wazazi wenzangu, mmoja anamkokota mtoto kwa sikio, mwingine anamwambia wake mbona fulani ameweza.

"Basi tusubiri," akasema.

Tukasubiri. Watu walipungua, madawati yakaingizwa ndani. Sikudhani alikuwa amekaa kwenye ngazi, anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Mwishowe mama yake akaja mbio na beseni tupu la maandazi kichwani, akamgombeza kidogo, akampangusa pua kwa kanga, wakaondoka. Chausiku hakuniachia mkono. Tuliwafuata kwa mbali mpaka kwenye uchochoro wao, mpaka tulipowaona wameingia ndani wote wawili.